Kuhama au Kubaki

Mwezi Septemba mwaka 2025 kamati ya chama chetu cha kufa na kuzikana ilikaa kikao cha dharura. Hapakuwa na msiba. Ajenda ilikuwa moja tu, nayo ni kompyuta ya chama. Ndiyo iliyokuwa ikitunza orodha ya wanachama, michango yao ya kila mwezi na majina ya wategemezi wao, na mimi nikiwa katibu ndiye niliyekuwa nikiishika. Kwa muda mashine hiyo ilikuwa ikinitolea tangazo kwamba mfumo endeshi wake, Windows 10, ungeacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba, na kwamba mashine yenyewe haikuwa na sifa za kupokea Windows 11. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaniuliza swali ambalo nimeulizwa kwa namna mbalimbali kwa karibu miaka thelathini: "Sasa Katibu, tuhame au tubaki?"

Wajumbe waligawanyika papo hapo, na kila upande ulikuwa na methali yake. Mweka hazina, mzee mwenye mkono mgumu wa kutoa fedha, alisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mjumbe kijana kuliko wote akamjibu kwa adabu, "Shikamoo mzee wangu, lakini mbacha wenyewe umeshatoboka." Mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha akatukumbusha kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na hatukujua kama alikuwa akisifu au akionya. Kikao kikaahirishwa kwa wiki moja, nami nikapewa kazi ya kuleta maelezo.

Nilipokaa kuyaandika niligundua kwamba siwezi kueleza ya mwaka 2025 bila kurudi nyuma. Kikao kama chetu kimefanyika katika maofisi, mabenki, mahospitali na majumba ya watu duniani kote, kila baada ya miaka michache, na waliotutangulia wametuachia mafunzo, mengine kwa gharama kubwa. Mojawapo nililishuhudia kwa macho yangu, na nina sehemu yangu ya lawama ndani yake.

Kwanza nieleze tunazungumzia nini. Mfumo endeshi ni programu inayoamka mapema kompyuta inapowashwa. Ndiyo inayotambua kibodi, ndiyo inayopeleka maandishi kwenye printa, ndiyo inayojua kila faili limelazwa wapi ndani ya diski. Programu nyingine zote, za kuandikia barua au za hesabu, ni wapangaji, na mfumo endeshi ndio nyumba yenyewe. Mtu akibadili programu ya kuandikia amebadili fanicha. Akibadili mfumo endeshi amehama nyumba, na kila aliyepata kuhama nyumba anajua kwamba hujui kabati litapita mlangoni mpaka siku ya kulipitisha.

Sisi Watanzania tuliingia katika habari hizi kwa kuchelewa, na kwa sababu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye kazi ya kuingiza hesabu za Serikali katika kompyuta ilienda vibaya, ikaleta hasara na mkanganyiko, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Masharti hayo yalilegezwa polepole, na wengi wetu tulioajiriwa ukarani katika miaka ya themanini tulijifunza kazi kwenye mashine ya taipu. Watu hupenda kulicheka agizo lile la mwaka 1974. Mimi silicheki sana. Waliolitoa walikuwa wameona chombo kipya kikiharibu hesabu za nchi, wakaamua kubaki na daftari. Kosa lao, kwa maoni yangu, halikuwa kuogopa. Waliufunga mlango, na aliyefunga mlango hapati nafasi ya kujifunza namna ya kuingia kwa usalama.

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa mimi, mapema katika miaka ya tisini, iliendeshwa na MS-DOS. Mfumo huu ulitokana na programu ambayo Microsoft iliinunua kutoka kampuni nyingine ndogo ya Marekani mwaka 1981, kwa ajili ya kompyuta ya IBM iliyotoka mwezi Agosti mwaka huohuo. Haukuwa na picha wala kipanya. Ulikuwa na kioo cheusi na alama ndogo inayopepesa, ikikungoja uandike amri, na ukikosea herufi moja hukujibiwa kitu cha maana. Jina la faili halikuweza kuzidi herufi nane, na tatu za nyuma za kuonyesha aina yake. Kwa Mwingereza mwenye maneno mafupi huenda hilo halikuwa tatizo kubwa. Kwetu sisi lilikuwa kisu. MICHANGO iliingia kamili, herufi nane barabara, lakini wanachama wakawa WANACHAM, na kumbukumbu za mikutano zikawa KUMBUKUM. Tulizoea hata tukawa tunatamka hivyo. "Nifungulie kumbukum," bosi alikuwa akiniambia, na mimi nilijua anachotaka.

Ndipo ikaja Windows 95. Microsoft ilikuwa imetoa Windows ya kwanza mwaka 1985 bila kishindo kikubwa, na ile ya 3.0 ya mwaka 1990 ndiyo iliyoanza kupendwa. Lakini hizo zilikaa juu ya MS-DOS kama zulia juu ya sakafu ya udongo. Ya mwaka 1995 ilikuja kama sherehe. Tarehe 24 Agosti maduka katika nchi kadhaa yalifunguliwa usiku wa manane, gazeti la The Times la London liligawiwa bure siku hiyo kwa gharama za Microsoft, na wimbo wa kundi la Rolling Stones ulilipiwa ili utumike katika matangazo. Watu walipanga foleni kununua kitu kisicholiwa wala kuvaliwa. Pamoja na kelele zote, mabadiliko yenyewe yalikuwa ya kweli. Kitufe cha kuanzia kilikaa pembeni chini ya kioo, programu kadhaa ziliweza kufanya kazi kwa pamoja, na jina la faili liliruhusiwa kufika herufi 255. Kumbukumbu ikarudishiwa herufi zake mbili.

Habari hizo zilitufikia sisi baada ya miaka miwili hivi. Wakati huo nilikuwa karani wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, ambacho sitakitaja jina. Mwaka 1997 uongozi uliamua tuhamie Windows 95, na uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Mashine iliongezwa uwezo, fundi akaitwa, siku ikapangwa. Fundi akaniuliza, "Kaka, una nakala za mafaili yako?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ninazo, disketi sita, zimeandikwa kwa mkono wangu na kupangwa ndani ya boksi la plastiki. Akaifuta diski ya kompyuta yote, akaanza kuingiza mfumo mpya.

Disketi nne zilisomeka. Mbili hazikusomeka. Zilikuwa zimekaa kabatini zaidi ya mwaka, chumba kina unyevu, na tulipozifunua tukaona madoa ya ukungu juu ya duara jeusi lililomo ndani. Sikuwa nimewahi hata siku moja kuzijaribu. Nilikuwa na kawaida ya kunakili, kuandika tarehe na kufunga boksi, nikaamini kwamba kunakili ni kutunza. Ndani ya zile mbili mlikuwa na hisa za wanachama wote ambao majina yao yalianzia herufi M hadi R. Kwa kadiri nchi hii inavyopenda majina ya herufi M, hilo ni kundi kubwa.

Tulitumia miezi kuzijenga upya hesabu hizo kutoka katika stakabadhi. Wanachama walileta vikaratasi vyao, vingine vimefifia, vingine vimekunjwa hadi vimekatika, nasi tukaviandika kimoja kimoja. Wengi walipata haki yao. Mzee mmoja hakupata. Alikuwa mlinzi, amechangia bila kukosa, lakini stakabadhi zake zililiwa na mchwa ndani ya sanduku huko nyumbani. Alikuja dirishani kwangu mara nyingi. Hakuwahi kupandisha sauti. Alitaja kiasi chake, kilekile kila alipokuja, na mimi nilimjibu kwamba kumbukumbu hazionyeshi. Mwishowe kamati iliamua alipwe nusu ya alichokisema, na barua ya kumweleza niliichapa mimi, katika Windows 95, ndani ya faili lenye jina refu na zuri.

Kwa miaka mingi niliilaumu Windows 95 kwa jambo lile. Leo najua kwamba haikuwa na kosa. Disketi zile zingeoza hata kama tungebaki na MS-DOS, na siku diski kuu ingekufa tungefika palepale. Kuhama kulifunua tu uzembe uliokuwapo. Hata hivyo kisa hicho kilinifanya niwe mtu wa kubaki. Kila palipotokea kipya nilikuwa wa kwanza kusema tusubiri, na kwa muda historia ilionekana kunipa haki.

Ushahidi wangu mkubwa ulikuwa Windows Vista. Microsoft ilikuwa imetoa Windows XP tarehe 25 Oktoba 2001, na watu waliipenda. Ilikuwa imara na fundi wa mtaa wowote aliijua. Baada ya zaidi ya miaka mitano, tarehe 30 Januari 2007, Vista ikauzwa kwa umma. Ilikuwa nzito. Kompyuta zilizokuwa na nguvu za kutosha kwa XP zilihema chini yake, printa na vifaa vingine vilikataa kutambuliwa, na ilimuuliza mtumiaji ruhusa kila mara mpaka akaacha kusoma anachoulizwa. Makampuni mengi yalikataa kuhama, na wengine walionunua mashine mpya zenye Vista walizirudisha kwenye XP. Microsoft ilipotoa Windows 7 tarehe 22 Oktoba 2009, waliosubiri waliruka kutoka XP hadi 7, wakaepuka shida yote ya katikati. Nilijiona mwenye hekima. Mbacha ulikuwa umeushinda msala.

Lakini mbacha nao una siku yake. Tarehe 8 Aprili 2014, baada ya zaidi ya miaka kumi na miwili, Microsoft iliacha kuihudumia XP. Tarehe hiyo ilitangazwa miaka mingi kabla, na bado ilipofika sehemu kubwa ya kompyuta za dunia zilikuwa zinaitumia, zikiwamo mashine nyingi za benki za kutolea fedha. Serikali ya Uingereza ililazimika kuilipa Microsoft kiasi cha pauni milioni 5.5 ili ofisi zake zihudumiwe kwa mwaka mmoja zaidi. Kubaki, ambako watu hukuona kuwa ni bure, kulikuwa kumepata bei.

Hapa inafaa kueleza maana ya kuhudumiwa, kwa sababu ndipo kikao chetu kilipokwama. Mweka hazina aliuliza swali la haki kabisa: "Tarehe 14 ikifika, kompyuta itazimika?" La, haitazimika. Itawaka kama jana na daftari litafunguka kama jana. Kinachokoma ni marekebisho. Mfumo endeshi ni mamilioni ya mistari ya maagizo yaliyoandikwa na binadamu, na ndani yake mna makosa ambayo hakuna aliyeyaona siku ya kuuza. Kila mwezi yanagunduliwa mengine, na wenye kuutengeneza hutuma viraka kwa njia ya intaneti. Siku wanapoacha, matundu mapya yataendelea kugunduliwa, ila hakuna wa kuyaziba. Nyumba haijaanguka. Aliyekuwa akikagua kuta ndiye aliyeondoka.

Kinachoweza kutokea kilionekana Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu ya uharibifu iliyopewa jina la WannaCry ilisambaa yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ikafunga mafaili ya watu kwa ufunguo wa siri na kudai malipo ya dola 300 za Marekani kwa fedha ya bitcoin. Katika siku chache iliingia katika kompyuta zaidi ya laki mbili kwenye nchi zipatazo 150. Huko Uingereza iliathiri karibu theluthi moja ya taasisi zinazoendesha hospitali za umma. Magari ya wagonjwa yaligeuzwa njiani kutafuta hospitali nyingine, na ilikadiriwa baadaye kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Ilisimamishwa pale mtafiti kijana wa Uingereza, Marcus Hutchins, alipoona jina la anwani ya intaneti ndani ya programu hiyo, akalisajili, na kumbe lilikuwa breki yake.

Niliposikia habari ile mara ya kwanza nilidhani nimepata jibu: waliobaki na XP wameadhibiwa. Magazeti mengi yaliandika hivyohivyo. Ukweli ulipochunguzwa ulikuwa tofauti, na ndio ulionibadilisha mimi. Kompyuta nyingi mno zilizoathirika hazikuwa za XP. Zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unapokea viraka vya usalama. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa na Microsoft tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla ya shambulio, bila malipo. Wenye kompyuta hawakukiweka. Wengine walikuwa hawana mafundi, wengine waliogopa kusimamisha kazi, na wengine waliahirisha tu, kama tunavyofanya sote tangazo linapotokea pembeni mwa kioo wakati una barua ya kumaliza.

Basi kati ya methali zote zilizotajwa katika kikao chetu, ile iliyokuwa ikihitajika hakuna aliyeitaja: usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyekaa katika nyumba isiyo mpya wala chakavu, lakini hakuziba ufa, ndiye aliyeingiliwa. Wale waliokataa Vista mwaka 2007 walikuwa salama, si kwa sababu ya hekima ya kubaki. Walikuwa salama kwa sababu XP yao ilikuwa bado na mtu wa kuiziba. Mimi nilikuwa nimeusifu mbacha, kumbe wa kusifiwa alikuwa mshonaji.

Kwa hiyo nililiandika swali upya kwenye karatasi yangu. Sikuandika tena kama kipya ni kizuri kuliko cha zamani. Niliandika: Nani anaziba nyufa, hadi lini, na sisi tunaziweka hizo ziba zake?

Kwa swali hilo, hali ya mwaka 2025 ilieleweka. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na kwa mwaka wa kwanza wenye Windows 7 na 8.1 waliruhusiwa kuhamia bure. Mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisema hadharani mwaka huo kwamba hiyo ndiyo Windows ya mwisho, na wengi tukaamini kwamba hatutahama tena. Kisha tarehe 5 Oktoba 2021 ikatoka Windows 11, nayo ilikuja na sharti la aina mpya. Haikutosha mashine kuwa na nguvu. Ilitakiwa iwe na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa ya miaka ya karibuni. Kompyuta nzima zilizotengenezwa mwaka 2015 au 2016, zisizo na ugonjwa wowote, zikajikuta nje ya mlango.

Jambo hili linatugusa sisi kwa namna ambayo halimgusi mtu wa London. Sehemu kubwa ya kompyuta zinazouzwa katika maduka yetu zimeshatumika Ulaya, Marekani au Dubai kabla ya kufika hapa. Ofisi ya huko huitumia mashine miaka kadhaa, huiondoa, nasi huinunua ikiwa na nusu ya umri wake. Tarehe ya mwisho huwekwa kwa kuhesabu tangu mashine ilipokuwa mpya huko, na haijali kwamba kwako imefika juzi. Kompyuta ya chama chetu ilinunuliwa mwaka 2020 na kwetu ilikuwa mpya kabisa. Wanachama walichangishana, na siku ilipofunguliwa boksi tulisoma dua. Kwa kalenda ya waliotengeneza mfumo ilikuwa tayari bibi kizee. Anayenunua cha mtumba ananunua pia muda uliobaki, na hadi siku hizi sijaona muuzaji anayeuandika muda huo kwenye kibandiko cha bei.

Kijana wetu wa kamati alileta njia ya tatu, nayo niliichukulia kwa uzito. Alisema tuiweke Linux kwenye mashine ileile, haina malipo, na nyufa zake zinazibwa. Alikuwa na haki. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, na imekuwa kazi ya maelfu ya watu. Hata sisi Waswahili tuna sehemu ndani ya habari hiyo: mwaka 2004 kikundi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, na kwa miaka kadhaa santuri zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Kwa mtu anayejiweza, au mwenye fundi wa Linux jirani, hii ni nyumba nzuri na imara.

"Lakini mwanangu," nikamwambia, "siku nikifa mimi, nani mtaani hapa ataifungua?" Akafikiri, akajibu kwamba ni yeye. "Na wewe ukipata kazi Mwanza?" Akanyamaza. Katika kuchagua mfumo endeshi watu hutazama bei na uzuri, wakasahau kumtazama jirani. XP haikudumu miaka ile yote kwa ubora wake peke yake. Ilidumu pia kwa sababu kila aliyekwama alikuwa na mtu wa kumwita. Chama cha kufa na kuzikana hakiwezi kutegemea mtu mmoja, kwa maana kimeundwa kwa kujua kwamba mtu mmoja huondoka.

Microsoft yenyewe iliweka mlango mdogo: mtumiaji wa nyumbani aliweza kujiandikisha apate viraka vya usalama vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30 au kwa kukubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwao. Mweka hazina alifurahi kusikia hivyo. Nami niliona kwamba ni nafuu yenye maana, kwa sharti la kuielewa kuwa ni muda wa kutafutia nyumba, wala si nyumba.

Kikao cha pili kilichukua muda mfupi kuliko cha kwanza. Tulikubaliana tujiandikishe kwa huo mwaka wa ziada, na katika mwaka huo tuchangishe fedha za kununua mashine iliyotumika lakini yenye sifa za Windows 11, tukiulizia umri wake kabla ya bei. Ya zamani tusiitupe. Iondolewe kwenye intaneti ibaki kwa kuchapia barua. Mweka hazina alitaka kujua kama nimebadilika, maana miaka yote amenijua kuwa mtu wa kusema tusubiri. Nikamjibu kwamba bado nasema tusubiri, ila safari hii nimeandika tarehe ya mwisho wa kusubiri.

Nikaomba jambo moja zaidi, na nilikuwa tayari kuachia ukatibu kama lingekataliwa. Niliomba kwamba kabla ya faili hata moja kuhamishwa, daftari lote lichapwe kwenye karatasi, na kila mwanachama aje aone mstari wake na kuweka sahihi. Nakala ziwe mbili, zikae nyumba mbili, na kila robo mwaka zifunguliwe mbele ya mjumbe kuona kama zinasomeka. Mwenyekiti aliuliza kama hilo si usumbufu mkubwa kwa wazee. Nikawasimulia habari za mlinzi. Sikuwa nimewahi kuisimulia mbele ya watu.

Sahihi zilichukua Jumapili tatu. Wanachama walipanga foleni nje ya nyumba ya mwenyekiti, na mimi nilikaa mezani na karatasi zangu. Bibi mmoja ambaye hajui kusoma alikuja na mjukuu wake. Mjukuu alimsomea mwezi baada ya mwezi, na bibi alikuwa akiitikia kwa kichwa, kidole chake kikishuka taratibu juu ya karatasi. Walipofika mwezi wa Machi mwaka 2022 akakisimamisha. "Hapo nilitoa elfu kumi," alisema, "nanyi mmeandika tano." Nikafungua kitabu cha stakabadhi. Ilikuwa elfu kumi. Nikasahihisha mbele yake, nikamtolea karatasi mpya, naye akapaka kidole wino, akakibandika.